Mhandisi Wenu Hapunguzi

Lodu Igga,
Muuza Mabati na Misumari,
Hai Jalaba, Juba.

Kwa Mwalimu Mkuu,
Chuo cha Ufundi cha Bonde la Mwanzi,
Kitale.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

KUH: KUMRUDISHA DARASANI MHANDISI NYAKUOTH REATH AKAMALIZIE SOMO MLILOSAHAU KUMFUNDISHA

Nakusalimu kutoka Juba, ambako mvua imeshika na njia ya kuja dukani kwangu imegeuka uji. Sisi ni wazima. Kamati ya redio ya kanisa letu la Hai Mauna imeniteua mimi mwenyekiti wake nikuandikie, kwa kuwa wengine wote wamesema hawana nguvu tena.

Unijue kwanza. Naitwa Lodu Igga. Nililelewa Kitale, mtaa wa Tuwani, wakati wa ukimbizi, na Kiswahili hiki nilikipata kwa viboko vya walimu wa huko kwenu, kwa hiyo usihangaike kutafuta nani ameniandikia. Jambo lingine la kujua ni kwamba mimi ndiye msemaji wa ukoo wetu katika mambo ya mahari. Tangu turudi nyumbani, hakuna kijana wetu aliyeoa bila mimi kukaa mbele ya wakwe na kupunguza. Nimepunguza ng'ombe, nimepunguza mbuzi, na siku moja nilipunguza jembe hadi ukabaki mpini. Watu wakiniona nimevaa koti siku ya kazi huuliza nani anaoa.

Sasa mtu kama mimi akutane na binti mliyemfundisha ninyi! Hiyo ndiyo taabu yenyewe, na nitaieleza kwa utaratibu ili usije ukasema nina hasira. Sina hasira hata kidogo.

Washirika wetu wengi wanakaa Gumbo, ng'ambo ya daraja. Wazee wa huko hawawezi tena kuja Hai Mauna kila Jumapili. Mmoja wao ni mama yangu mzazi, ambaye alianguka akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani. Mama yangu aliimba kwaya tangu msichana. Aliimba tukiwa porini, akaimba tukiwa kambini, na sasa amebaki anatazama ukuta. Nikamwahidi: mama, kama wewe huwezi kwenda kanisani, kanisa litakuja kwako. Tutajenga redio. Kamati ikaundwa. Mimi mwenyekiti, Mama Rejoice mweka hazina, Pasta Jubek wa kuomba. Tukaambiwa kuna mhandisi wa minara, binti wa Mzee Reath, amesoma kwenu Kitale na ni hodari wa kukadiria gharama. Tukamwita. Malalamiko yanaanzia hapo.

1. Alikuja na maswali badala ya bei.

Tulimpokea kwa heshima. Tukamwekea kile kiti cha plastiki ambacho hakijapasuka, tukamnunulia soda baridi, tukamwambia, binti yetu, tunataka mnara wa redio, ni pesa ngapi? Mtu aliyelelewa vizuri hulijibu swali kama hilo soda ikiwa bado mkononi. Yeye akatuuliza ni nani atakayesikiliza. Tukasema watu wa Gumbo. Akauliza Gumbo ipi, ile ya karibu na daraja au ile ya mbele kwenye barabara ya Nimule. Akauliza redio itazungumza saa ngapi kwa siku. Akauliza dizeli ya jenereta ya mwaka wa tatu italipwa na nani. Mwaka wa tatu, Mwalimu! Sisi tulikuwa hata hatujaamua tutakula nini mchana ule. Halafu akauliza nani atapanda juu kubadilisha taa nyekundu siku itakapoungua, na kamati nzima ikaangalia chini, maana kila mmoja alihisi anatazamwa yeye.

Siyo hayo tu. Alirudi na koleo. Akachimba shimo nyuma ya kanisa, akangoja mvua inyeshe, akakaa analitazama. Nilipita nikamkuta amechuchumaa pale, anafinyanga udongo mweusi kwa vidole kama mtoto. Eti udongo wa hapo unavimba ukilowa na unapasuka ukikauka, kwa hiyo msingi lazima uende chini zaidi. Mimi nimeuza misumari katika mji huu muda mrefu, na hakuna mteja aliyewahi kunieleza tabia za udongo wake.

2. Bei yenyewe ilikuwa na ncha mbili.

Ndiyo, mbili. Ya chini na ya juu. Nikamwuliza kwa upole, sasa sisi tunalipa ipi? Akasema itakuwa mahali fulani katikati, kwa sababu hajui barabara itakuwaje vyuma vikiwa njiani, na simiti inabadilika bei kila dola ikikohoa. Akasema tushukuru, kwamba kabla hajachimba lile shimo ncha hizo zilikuwa mbali zaidi, na sasa zimesogeleana. Yaani kwake yeye, kadiri mtu anavyojua zaidi ndivyo bei inavyotulia. Sisi hapa tumezoea kinyume chake. Bei tunaitaja siku ya kwanza, kwa sauti kubwa, tukiwa hatujui lolote, na kujua kunafuata baadaye pole pole.

Hata hivyo usidhani kamati ilikosa akili. Tuliichukua ile ncha ya chini, tukaifanya ndiyo ya juu, tukaanzia hapo kushuka.

3. Aliweka pesa kwa ajili ya mambo yasiyojulikana.

Sitanii. Baada ya chuma, nyaya, mtambo, simiti, usafiri na mafundi, kulikuwa na mstari wa "yasiyotarajiwa," na mbele yake kiasi ambacho mtu anaweza kuozea mtoto. Nikamwambia ayataje hayo yasiyotarajiwa moja moja tuyajadili. Akasema kama angeweza kuyataja, kila moja lingekuwa na mstari wake. Mama Rejoice, ambaye ni mtu wa kutafuta amani, akauliza kama yanaweza kuombwa yaje baada ya Pasaka, michango ikiwa imeingia. Binti akasema hapana, kwa adabu. Pasta Jubek akasema kuweka pesa kwa ajili ya mabaya ni kuyaita. Tukaufuta mstari ule kwa sala.

4. Hapunguzi.

Hili ndilo lenyewe, na hapa naomba ukae.

Tulimwandalia kikao kamili. Mkeka chini, watu wetu upande huu, watu wake upande ule, ingawa watu wake walikuwa ni yeye peke yake na kompyuta yake. Katika mahari za hapa kwetu, kama hukuwahi kuona, ng'ombe huhesabiwa kwa vijiti. Kila kijiti ni ng'ombe mmoja. Upande wa binti huweka vijiti vyao mkekani, vingi mpaka unaona haya, na hakuna anayeshtuka kwa sababu kila mtu anajua kwamba vile si vya kweli. Vya kweli ni vile vinavyobaki watu wakishazungumza.

Basi, mnara wa mhandisi wenu ulikuwa wa vipande kumi na vitano vya chuma, mita tatu kila kimoja, vinavyopandishwa kimoja juu ya kingine. Nikapanga vijiti kumi na vitano mkekani. Mwalimu, siku ile nilikuwa katika hali nzuri kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Kijiti cha kwanza nilikitoa kwa sababu yeye ni binti yetu. Cha pili kwa sababu kazi ni ya Mungu. Cha tatu kwa sababu baba yake, Mzee Reath, aliwahi kula asida, ule ugali wetu, nyumbani kwa baba yangu na akaongezewa. Cha nne Pasta Jubek alikiombea. Cha tano kilikwenda na soda. Cha sita nilikitoa bila sababu yoyote, kwa ustadi tu, na kamati ikapiga makofi. Vikabaki tisa.

Binti akavitazama vile vijiti. Hakupandisha sauti. Akasema, "Sawa, Mzee Lodu. Ila nani kati yenu atakwenda kuwaambia kina mama wa Gumbo?"

Nilikubali moyoni kwamba hiyo ni hoja nzuri. Ni maneno ya shangazi wa bibi harusi, yale anayoyatoa mwishoni ili uone aibu umrudishie ng'ombe mmoja. Kwa hiyo nikafanya kama msemaji yeyote mwenye uzoefu: nikacheka, nikachukua kijiti kimoja, nikakivunja, nikamrudishia nusu. Akasema hakuna nusu kipande cha mnara. Akasema anaweza kupunguza saa za matangazo, anaweza kupunguza chumba cha studio, anaweza kutumia mtambo uliotumika kama tuna haraka ya kuokoa pesa, lakini urefu umewekwa na mto na miti na nyumba zilizo katikati, siyo na yeye. Hivi kweli, Mwalimu, ni mkwe gani anayekuambia mzungumze na mto?

Tukatoka nje kunong'ona, kama ilivyo desturi, tukampa muda wa kuogopa. Tuliporudi alikuwa ameondoka. Vijiti vyangu vyote kumi na vitano vilikuwa vimepangwa upya mkekani, hata kile kilichovunjika kimeunganishwa kwa utepe, na soda hakuimaliza.

5. Mnara ulikataa kutusikiliza sisi, ukamsikiliza yeye.

Tulimpata fundi mwingine, Ivan, kijana wa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Nimule, mwenye adabu sana. Ivan tulimwuliza bei akajibu soda ikiwa mkononi. Tukampunguzia, akapunguza. Tukampunguzia tena, akacheka, akapunguza. Hakuchimba shimo la kutazama. Habari za Gumbo hakuuliza. Nadhani hata hajui iko upande gani. Mnara wa vipande tisa ukasimama, tukaupaka rangi nyekundu na nyeupe, tukachinja mbuzi wawili, na mimi nikatoa hotuba kuhusu faida za mazungumzo.

Siku ya kwanza ya matangazo tulisikika vizuri Hai Mauna. Tulisikika hadi dukani kwangu Hai Jalaba, wateja wakanipongeza. Tukasikika hadi mtoni. Kuanzia hapo, watu wa Gumbo wakaanza kulalamika kwamba wanapata "shhhh" tu, tangu salamu mpaka baraka. Mimi sikuwaamini, na sababu yangu utaiona mbele.

Halafu yakaja yale yasiyotarajiwa, tuliyoyafuta kwa sala. Lori la nyaya likakwama barabarani hadi dereva akaoa huko, au ndivyo alivyotuambia. Dola ikapanda. Udongo ukavimba, haki ya Mungu ukavimba vile vile alivyosema, na mnara ukainama kidogo kuelekea nyumba ya jirani. Jirani akahamia kwa dada yake na kila jioni anapita kuutazama. Tukaongeza nyaya za kuushikilia, tukaongeza simiti. Tulipotaka kuurefusha, Ivan akasema malesh, samahani sana wazee, msingi wa vipande tisa hauwezi kubeba kumi na vitano, ni wa kubomolewa wote. Kufikia hapo tulikuwa tumeshapita ncha ya chini ya mhandisi wenu, tukapita ya katikati, na sasa Mama Rejoice ameniarifu kwa sauti ya msibani kwamba tumepita ya juu. Kwa mnara mfupi!

Nauliza kwa uchungu: nani alimpa ruhusa ya kuwa sahihi? Angetupa bei ya uongo tungekosea wote pamoja, kindugu, na hakuna mtu ambaye angeonekana. Yeye ametuacha tumekosea peke yetu.

6. Mama yangu.

Hili sikutaka kuliandika.

Nilimnunulia mama redio nzuri, nyeusi, yenye antena ndefu. Nikaitafutia stesheni yetu mwenyewe, nikakibandika kile kirungu cha stesheni plasta ili asije akakigeuza. Kila Jumapili jioni nilivuka daraja kwenda kumwona, na kila Jumapili alinipokea kwa maneno yale yale: "Nimesikia, mwanangu. Leo Pasta amehubiri vizuri. Na kwaya, aa, kwaya leo wameimba." Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nikaiambia kamati kwamba hizo "shhhh" za Gumbo ni za watu wenye redio mbovu. Mama yangu mbona anasikia? Kwenye vikao nilimtumia mama kama shahidi. Kwa ushahidi huo nilimwita Nyakuoth mwongo mbele ya watu, na watu wakaitikia.

Ikaja Jumapili jenereta ilipoharibika. Hatukurusha hata neno moja. Pasta Jubek alihubiri kwa mdomo mtupu na kwaya ikaimba bila spika. Jioni nikavuka kwenda kumpa mama pole kwa kukosa ibada. Kabla sijaketi, akasema, "Nimesikia, mwanangu. Leo Pasta amehubiri vizuri."

Nikakaa kitandani kwake. Nikaiwasha ile redio. Plasta ilikuwa pale pale nilipoibandika. Kesho yake, jenereta ikiwa imetengenezwa, nikamwambia Pasta azungumze, nikavuka tena kuisikiliza. Shhhh. Kumbe kila Jumapili mama yangu alivaa gauni lake la kwaya, akakaa mbele ya redio, akasikiliza shhhh mwanzo hadi mwisho, halafu akanitungia mahubiri ili mimi nisijisikie vibaya. Nililia, Mwalimu. Nalisema wazi ingawa hii ni barua rasmi. Sikumwambia mama kwamba nimejua. Nilimwuliza tu Pasta alihubiri nini, akanieleza habari za mwana mpotevu, akaieleza vizuri kuliko Pasta.

Njiani kurudi nikakasirika. Sasa mama hakasirikiwi, Pasta Jubek ni mtu wa Mungu, Ivan ameshavuka mpaka, na mimi ni mwenyekiti. Akabaki Nyakuoth.

7. Hasemi.

Mtu wa kawaida angekuja kanisani akaegemea ule mnara akasema, niliwaambia. Tungejibizana, tungetukanana kidogo, wazee wangetupatanisha, khalas, mambo yangekwisha. Yeye tunakutana soko la Konyokonyo akinunua vitunguu, ananisalimu kwa mikono miwili, anauliza mama anaendeleaje na ile nyonga. Anasubiri jibu. Halafu anaenda zake. Huo ni ukatili ambao sikuwahi kuuona hata kwa wakwe wagumu kabisa.

Kwa sababu hizo, kamati inaomba chuo chako kimwite mhandisi huyu arudi, kikichukue cheti chake kwa muda, na kimfundishe Kupunguza. Kama hamna mwalimu wa somo hilo, mimi nipo tayari kuja kwa nauli yenu, na vijiti nitakuja navyo. Nitaanza na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kabla hawajaanza kutazama mashimo.

Fikiria mwenyewe, Mwalimu, watu wa namna hii wakizidi. Mtu ataambiwa bei ya nyumba, na nyumba itakwisha kwa bei hiyo hiyo. Ni nani atakayeitisha harambee ya pili? Kamati zitakaa vipi bila dharura? Mimi uenyekiti huu niliupata katika dharura na nimeuhifadhi kwa dharura. Ugonjwa huo ukihamia kwenye mahari ndiyo tumekwisha: upande wa binti watasema ng'ombe kumi wakimaanisha kumi, tutasema haya, na tutakuwa tumemaliza kabla chai haijachemka. Koti langu litaliwa na panya. Madaraja yatafika ng'ambo. Visima vitafika kwenye maji. Mama wa mtu atasema amesikia na itakuwa kweli amesikia, na mwanawe hatakuwa na la kumwandikia mwalimu wa watu.

Natumaini umeona uzito wa jambo hili na utachukua hatua kabla hajakadiria kitu kingine. Wasalimie walimu wote, hasa yule wa hesabu, ambaye naamini ndiye chanzo. Wasalimie wapishi, wanafunzi, na mlinzi wa langoni. Pasta Jubek anawaombea. Mama Rejoice anawasalimu na anauliza kama chuo hutoa misaada. Usisahau kunisalimia watu wa Tuwani, waambie mtoto wao bado anaandika bila kukosea.

Wako katika kupunguza,

Lodu Igga,
Mwenyekiti.

Tanbihi: Barua hii imechelewa. Biar, dereva aliyekuwa aje nayo Kitale, gari lake lilimlaza Nimule, na bahasha ikakaa dukani kwenye droo ya misumari. Katika muda huo yametokea mambo machache ambayo ni haki uyajue, ingawa hayabadilishi neno lolote hapo juu.

Nilikwenda kwa Nyakuoth. Peke yangu, bila koti. Akaja, akachimba shimo lingine, akalitazama, nami nikamshikia mwavuli. Bei aliyoileta ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza, maana sasa kuna kubomoa. Kamati ikanigeukia, mkeka umeshatandikwa na vijiti viko mfukoni. Nikafungua mdomo. Mama Rejoice anasema nilikaa hivyo muda mrefu kama mtu anayesubiri chafya. Halafu nikaufunga. Tukakubali yote pamoja na ule mstari wa yasiyotarajiwa. Sehemu yangu niliitoa kwenye mabati niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya nyumba yangu. Yasiyotarajiwa yakaja kweli, yakakuta pesa zao zinayangoja, na kazi ikaendelea. Mnara umekwisha ndani ya zile ncha zake mbili, vipande kumi na vitano, na jirani amerudi nyumbani kwake.

Kwa hiyo kuhusu kile cheti, naomba usubiri kidogo. Ninapoandika haya yuko juu kabisa anafunga taa nyekundu, na si vizuri kumsumbua mtu akiwa huko.

Pia binti yangu Scovia amemaliza sekondari. Anapenda hesabu, na ana tabia ya kuuliza maswali wageni wakiwa bado wanakunywa soda. Nitumie hesabu ya karo ya chuo chako, ile ya kweli, na ncha zake zote mbili, na ya dharura juu yake. Sitasema kitu. Nitajaribu.

La mwisho. Jumapili iliyopita nilikaa benchi la mbele, karibu na kipaza sauti, na vumbi la simiti bado liko kifuani mwangu. Pasta akiwa katikati ya mahubiri, simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa mama. Nikatoka nje mbio nikidhani amezidiwa. Hakuyasifu mahubiri na kwaya hakuitaja. Tangu redio ianze hajawahi kuilalamikia hata mara moja, na siku hiyo alikuwa amekasirika kweli kweli. "Nani huyo anakohoa kohoa hapo mbele?" akaniuliza. "Simsikii Pasta vizuri! Mpeni maji huyo mtu, au mtoeni nje!"

Mwalimu, huyo mtu ni mimi.